Maswali yenu: kijana anapoanza kuzungumza lugha ya chuki

Barua nyingi safari hii zinahusu vijana wanaovutwa na makundi ya chuki au ya misimamo mikali, na watu wa karibu nao wasiojua waanzie wapi. Tumechagua saba, tukazifupisha na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Makundi yanayotajwa hayafanani: mengine hujificha nyuma ya dini, mengine nyuma ya kabila au rangi ya ngozi, mengine yanawachukia wanawake tu. Namna ya kumnasa kijana, hata hivyo, hufanana sana, kwa hiyo majibu yanaweza kumfaa hata ambaye barua yake haikuchapwa.

Mwanangu wa kiume ana miaka 16. Kwa miezi kadhaa yuko kwenye simu hadi usiku wa manane. Watu wa jamii fulani anawaita wadudu, hata tukiwa mezani. Rafiki yake wa tangu utotoni anatoka katika jamii hiyo, na sasa hawasalimiani. Baba yake anataka tumnyang'anye simu. Tufanyeje?
*Mama wa watatu*

Mama, simu iacheni kwanza. Mkimnyang'anya leo, kesho atatumia ya mwenzake na nyinyi hamtaona chochote. Tena wanaowavuta vijana huwa wamekwisha kumtabiria: "Wazazi wako hawatakuelewa, watakuzuia." Mkiichukua, mtakuwa mmewasaidia kuonekana wakweli. Ishikeni mara moja ikiwa tu mnaona mtu mzima asiyejulikana anamtaka picha za faragha, anamtumia fedha, anamwita wakutane kwa siri, au mkigundua mpango wa kumdhuru mtu. Hapo msifute kitu, na tafuteni msaada siku hiyo hiyo.

Linaloweza kubadilika tangu leo ni usiku. Simu zote za nyumbani, za wazazi zikiwemo, zilale sebuleni kuanzia saa nne. Sheria ikimgusa yeye peke yake ataiona ni adhabu, na atakuwa na haki kuiona hivyo.

Sasa dalili. Kuswali au kusali zaidi, kubadili mavazi, kukasirishwa na siasa, kunyamaza: hayo peke yake si dalili, na familia nyingi zimeharibu mambo kwa kuyashuku. Angalieni mabadiliko yanayokuja kwa pamoja na kwa haraka. Matatizo yote ya dunia sasa yana mkosaji mmoja. Watu wanaitwa kwa majina ya wanyama au maradhi. Marafiki wa zamani wameachwa, wapya hawatajwi kwa majina. Vurugu zinaanza kutetewa: "Walistahili." Kwa barua yako, Mama, mawili yapo wazi, jina la mdudu na rafiki aliyeachwa. Yanatosha kuchukua hatua, hayatoshi kuita polisi.

Hatua yenyewe ni mazungumzo, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kukimbilia mabishano. Mwanasaikolojia Arie Kruglanski na wenzake wanaeleza kuwa mambo matatu hukutana kabla kijana hajazama: haja ya kujiona mtu wa maana, masimulizi yanayomwonyesha adui ni nani, na kundi linalompa heshima akiyafuata masimulizi hayo. Wazazi hupigana na la pili peke yake. Wanaleta takwimu, wanaleta aya, wanashinda mjadala, na kijana anarudi kwa kundi lake kwa sababu haja yake iko palepale.

Chagua wakati mkiwa mnafanya kazi pamoja, kuosha vyombo au kutembea, ili asikabiliwe uso kwa uso kama mshtakiwa. Awepo mzazi mmoja tu, yule anayemsikiliza zaidi. Dakika 15 au 20 zinatosha. Anza na ulichokiona, usianze na unavyomfikiria: "Wiki hii nimekusikia mara mbili ukiwaita wadudu. Nieleze, ulianzaje kuwaona hivyo?" Kisha nyamaza. Ukimya wa nusu dakika utakuwasha ulimi, uvumilie. Akijibu "Wao ndio wanatunyima kila kitu", muulize: "Nani unayemjua wewe aliyenyimwa? Alinyimwa na nani hasa?" Swali la namna hiyo linamtoa kwenye "wao" na kumleta kwenye mtu mmoja mwenye jina, na kwenye jina la mtu mmoja masimulizi hayo huanza kupwaya. Maswali mengine yanayofaa: "Ungejuaje kama aliyekuambia hivyo anadanganya?" na "Yakitekelezwa wanayoyasema, rafiki yako itakuwaje kwake?" Usingoje akubali. Shaka aliyojizalia mwenyewe hudumu kuliko hoja uliyomshindilia.

Kusikiliza hakumaanishi kuruhusu. Neno lenyewe likatae bila kumkataa yeye: "Nyumba hii haimwiti mtu mdudu. Hasira yako nataka kuisikia, itafutie maneno mengine." Na ulizia kwa upole kilichotokea na yule rafiki. Mara nyingi nyuma ya chuki ya jumla kuna jambo dogo la mtu mmoja: dharau mbele ya wasichana, deni, nafasi kwenye timu. Hilo linaweza kutengenezwa. "Jamii nzima" haitengenezeki.

Rudieni baada ya siku mbili tatu, kisha tena. Katika wiki hizo mtafutieni kazi moja inayompa cheo cha kweli, kitu anachokiweza na watu wanakihitaji. Baada ya mwezi hivi, kama lugha inazidi kuwa kali au anaanza kutetea kuua, mwoneni mshauri nasaha au mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Nendeni nyinyi kwanza bila yeye.

Darasani mwanafunzi alitoa mzaha kuhusu wenzake wa dini nyingine, nusu ya darasa ikacheka. Nilimfukuza nje. Uongozi unataka asimamishwe wiki mbili. Je, ni sawa?
*Mwalimu wa kidato cha pili*

Mwalimu, wiki mbili nyumbani ni wiki mbili za kukaa mtandaoni na wale wale waliomfundisha mzaha huo, tena akiwa sasa na hadithi ya kuonewa. Kusimamishwa kuna mahali pake, pale usalama wa wengine unapokuwa hatarini. Kwa mzaha, adhabu ifanyikie ndani ya shule.

Wakati tukio linatokea, una chini ya dakika moja. Simamisha kwa sauti ya kawaida, litaje tendo bila kumpa mtoto jina: "Kauli hiyo inawadhalilisha wenzetu. Hapa hatuiendelezi. Tutaongea saa ya mapumziko." Endelea na somo. Usiulize "Ulimaanisha nini?" mbele ya darasa, maana umemkabidhi jukwaa na wasikilizaji 40. Na usinyamaze ukingoja baadaye, kwa kuwa aliyelengwa atauhesabu ukimya wako kuwa kura.

Mtu wa kwanza wa kuonana naye baada ya kipindi ni aliyelengwa. Mara nyingi shule humshughulikia mkosaji kwa saa nzima, na aliyeumizwa akaambiwa "puuza" koridoni. Muulize anataka nini kifanyike, na usimwombe asimame aeleze dini yake kwa darasa. Yeye ni mwanafunzi, hakuajiriwa kuwa msemaji.

Kisha mkosaji, faraghani. Tafuta alikoutoa. Wengi hurudia picha au video ya kuchekesha bila kujua mzaha huo unabeba nini, na makundi yenye chuki hutegemea hilo hasa: ukicheka umeingia, ukilalamika unaambiwa huna ucheshi. Mwombe akueleze, hatua kwa hatua, kinachochekesha. Ni nadra mtu kuweza kulijibu swali hilo bila kujisikia vibaya.

Kikao cha kusuluhisha kinafaa kwa masharti matatu: aliyelengwa amekubali kwa hiari, kila upande umeandaliwa peke yake kwanza, na mkosaji tayari amekiri alichosema. Kukosekana kwa hata moja ni kumuumiza mtoto mara ya pili, safari hii kwa baraka za shule.

Wale waliocheka msiwasahau. Chukua kipindi kimoja wiki inayofuata uwafundishe namna watu wanavyonaswa: mtego wa "wao wote", picha iliyokatwa, takwimu isiyo na chanzo, "wanakuficha ukweli". Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia William McGuire alionyesha kuwa mtu akionjeshwa hoja dhaifu ya upotoshaji pamoja na jibu lake mapema, huwa na kinga atakapokutana na ile kali. Kazi hii inafaa kabla ya kunaswa. Kwa aliyekwisha kunaswa huwa imechelewa, na kwake njia ni ile tuliyomweleza Mama hapo juu.

Mimi ndiye ninayetukanwa, shuleni na mtandaoni. Kila mtu anashughulika kumwelimisha anayenitukana. Mimi nifanye nini?
*Msichana, miaka 15*

Mdogo wetu, si kazi yako kumwelimisha, wala hudaiwi msamaha. Weka kumbukumbu: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, nani alikuwepo. Za mtandaoni piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti na tarehe kabla ya kumzuia mtu huyo, kwa sababu ukishamzuia huenda usiuone tena ujumbe wake. Kisha chagua mtu mzima mmoja umpelekee, ukimwomba mambo matatu: nani atabadilishwa mahali pa kukaa au pa kupita (asiwe wewe, isipokuwa umetaka), nani ataambiwa habari hizi, na lini utaletewa jibu. Siku hiyo ikipita kimya, nenda kwa mtu wa pili na kumbukumbu zile zile. Usijibu matusi peke yako usiku.

Kuna mwenzetu katika kundi letu la mtandaoni amesema "wiki ijayo watatukumbuka", akatuma picha ya silaha. Wengine wanasema anajigamba tu. Nikisema nitaitwa msaliti. Na kama kweli anatania?
*Kijana, miaka 17*

Mwambie mtu mzima unayemwamini leo, kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu. Ikiwa ametaja siku, mahali au watu, au anaaga na kugawa vitu vyake, piga simu ya dharura ya polisi moja kwa moja. Silaha pamoja na siku iliyotajwa si jambo la kupima na wenzako kundini.

Hofu yako ya kuitwa msaliti inafahamika. Lakini fikiria ni nani mwingine anayejua. Wanaopanga mashambulizi mara nyingi huwadokeza watu kabla, na wanaodokezwa ni wa rika lao. Idara ya Marekani inayowalinda marais, Secret Service, ilichapisha mwaka 2021 uchambuzi wa njama 67 za kushambulia shule zilizozimwa kabla ya kutokea. Wanafunzi wenzao walikuwa miongoni mwa waliotegemewa sana kuzigundua. Mwalimu hayumo katika kundi lenu. Wewe umo.

Fanya hivi. Piga picha ya skrini ya ujumbe na jina la akaunti, andika saa. Usiisambaze, mpe huyo mtu mzima au polisi peke yao. Usitangaze kundini kwamba umeripoti, usimhoji, usiende kwao kuangalia kama silaha ipo. Usipakue video wala vijitabu alivyotuma "kama ushahidi", kwa kuwa katika nchi kadhaa kumiliki au kusambaza maandiko ya makundi ya kigaidi ni kosa hata kama nia yako ni njema. Jina la akaunti, kiungo na saa vinatosha. Na akikuomba uahidi kutomwambia mtu, usiahidi. Mjibu: "Sitaki uumie wala umuumize mtu, kwa hiyo siwezi kuahidi hilo." Baadhi ya wanaotishia wengine wanafikiria pia kujiua, na sentensi hiyo ni ya kweli kwa yote mawili.

Akibainika alikuwa anatania, atakuwa amepata aibu na mazungumzo mazito. Hasara hiyo inabebeka.

Ninasimamia kundi la mtandaoni la mtaa, watu zaidi ya 400. Kila kukitokea jambo, uvumi na matusi ya kikabila hujaa. Nikifuta naambiwa nabana uhuru wa maoni. Mpaka uko wapi?
*Msimamizi aliyechoka*

Ndugu msimamizi, kuna maswali mawili hapa: lipi ni kosa la jinai, na lipi hutaki kwenye kundi lako. La pili ni pana zaidi na huhitaji sheria ya nchi kuliamua; kundi ni lenu, kanuni ni zenu.

Kwa la kwanza, kipimo kizuri ni cha Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2012, unaohusu kauli za kuchochea chuki. Unatazama mambo sita: mazingira ya wakati huo, msemaji ni nani na ana nguvu gani, nia yake, maudhui na namna alivyosema, maneno yamefika kwa watu wangapi, na uwezekano wa madhara kutokea karibuni. Yote sita kwa pamoja. Tusi la mlevi kwa ndugu zake kumi ni upuuzi wenye kuudhi. Tusi lile lile likitoka kwa kiongozi mwenye wafuasi, siku chache kabla ya uchaguzi, likimalizia na "mnajua cha kufanya", ni jambo jingine kabisa. Na ukosoaji mkali wa serikali, wa viongozi au wa mafundisho ya dini haumo humo. Msimamizi anayefuta hayo kwa jina la kuzuia chuki anajiondolea imani anayoihitaji siku ya hatari.

Kiutendaji, wasimamizi wawe watatu au wanne kutoka pande tofauti, kusudi kila anayefutiwa asiseme amefutiwa na kabila fulani. Kanuni ziwe tano, fupi, zibandikwe juu. Anayevunja aandikiwe faraghani mara ya kwanza, aondolewe kwa muda mara ya pili. Uvumi mzito ukiingia, funga kundi ili wasimamizi pekee waweze kuandika, kwa saa mbili tatu, mkiwa mnauliza watu wawili walio mahali penyewe ambao hawakuambizana. Ukisahihisha, anza na ukweli, taja uvumi mara moja tu na kwa ufupi, eleza ulivyotengenezwa ("picha ni ya mwaka mwingine"), malizia na ukweli. Kuibandika tena picha ya uongo ukiwa umeichorea alama nyekundu ni kuisambaza. Watu husambaza picha, alama husahauliwa.

Video za mashambulizi zifute bila mjadala. Shambulio la misikiti ya Christchurch, New Zealand, tarehe 15 Machi 2019, lililoua watu 51, lilirushwa moja kwa moja na muuaji mwenyewe, na Facebook ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 ndani ya saa 24. Kila nakala ilikuwa sehemu ya alichokikusudia. Waziri mkuu Jacinda Ardern alikataa hata kulitaja jina lake.

Unaweza pia kujibu, si kufuta tu. Mwaka 2016 huko Sweden, na mwishoni mwa mwaka huo Ujerumani, yalianzishwa makundi ya watu wa kawaida wanaoingia pamoja kwenye maoni yaliyojaa chuki na kuandika kwa adabu, kila mmoja akiunga mkono maandishi ya wenzake hadi yapande juu. Wanaandika kwa ajili ya watazamaji walionyamaza. Hawatarajii kumgeuza mwenye chuki. Kuhusu mwenye chuki mwenyewe, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021, kwa watu 1,350 waliokuwa wametuma ujumbe wa chuki kwenye Twitter, yalilinganisha njia tatu: kumkumbusha anaumiza watu, kumtania, na kumwonya kuwa ndugu na wenzake wanamsoma. Ile ya kwanza ndiyo iliyoonyesha matokeo, tena madogo. Kwa hiyo "maneno haya yanamuumiza jirani yetu anayeyasoma" inafaa kuliko kejeli, hata kama kejeli ndiyo inayopata vicheko.

Tuna fedha kidogo. Tumepanga tamasha la amani na mechi kati ya vijana wa jamii mbili. Mnashauri nini?
*Katibu wa umoja wa vijana*

Tamasha liacheni. Watakaokuja ni wale ambao tayari wanapenda amani.

Mechi inategemea mnavyoipanga. Timu ya jamii hii dhidi ya timu ya jamii ile ni ugomvi uliovalishwa jezi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika kuwa kukutana kwa makundi hupunguza chuki hali nne zikiwepo: hadhi sawa ndani ya shughuli, lengo la pamoja, kutegemeana kulifikia, na wakubwa wa pande zote kuiunga mkono waziwazi. Changanyeni wachezaji ndani ya kila timu, na iwe ligi ya wiki nane hadi kumi na mbili. Mtafiti Salma Mousa alifanya hivyo Iraq baada ya vita na kundi la Islamic State: baadhi ya timu za Wakristo zilipewa wachezaji Waislamu, nyingine zikabaki Wakristo watupu. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 2020, waliochanganywa waliwatendea vizuri zaidi wachezaji Waislamu, kwa mfano kuwa tayari kuandikishwa tena timu moja nao. Nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowajua, tofauti ilikuwa ndogo mno. Ligi itawapa urafiki wa watu fulani, na huo una thamani siku uvumi unapoingia, lakini msiwaahidi wafadhili kuwa mtaa mzima utabadilika.

Gawanyeni fedha hivi kwa kadiri: nusu kwa ligi, robo kwa kuwafundisha makocha namna ya kusikiliza na ya kukatiza matusi, robo iliyobaki kwa nauli na posho ya watu wawili wanaojulikana na vijana ambao watawafuata wale wasiokuja kabisa. Hao wasiokuja ndio mnaowatafuta. Na jina la mradi lisitaje ugaidi wala itikadi kali. Hakuna mzazi anayempeleka mtoto kwenye mradi unaomtangaza kuwa mshukiwa, na Uingereza mpango wa serikali wa kuzuia watu wasivutwe na ugaidi, uitwao Prevent, ambao tangu mwaka 2015 shule zinawajibika nao kisheria, umelaumiwa kwa miaka mingi kuwa umewafanya Waislamu wajione wanachunguzwa.

Kabla ya kuanza na mwishoni, waulizeni vijana mambo mawili ya vitendo: una namba za simu za watu wangapi wa upande ule, na mara ya mwisho kusaidiana nao ilikuwa lini? Kuuliza "unapenda amani?" hupata ndiyo kwa wote.

Kwa miaka mitatu mpwa wangu alikuwa katika kundi la misimamo mikali. Ametoka, yuko kwangu. Majirani hawamtaki, na baadhi ya waumini wananiomba atoe ushuhuda hadharani. Nianzie wapi?
*Mjomba*

Mzee wetu, ushuhuda hapana, kwa sasa. Kumpandisha jukwaani mapema ni kuwatangazia wenzake wa zamani alipo, ni kuwafungulia vidonda waliodhuriwa, na ni kumpa tena kazi ya kushangiliwa kwa maneno makali, mazoea yale yale aliyoyakimbia.

Anzia kwenye sheria. Kama kuna makosa aliyotenda, mwanasheria ndiye mtu wa kwanza kuonana naye, kabla ya kiongozi wa dini na kabla ya majirani. Kumficha kutawaangusha wote wawili. Pili ni usalama: namba mpya ya simu, akaunti za zamani zifungwe baada ya kuhifadhi kinachoweza kuhitajika kisheria, na watu wachache tu wajue ratiba yake.

Kisha ujue kuwa kuacha kundi na kuacha fikra ni safari mbili. Mipango ya kuwasaidia wanaotoka, iliyoanza Norway mwaka 1997, Sweden mwaka 1998 na Ujerumani mwaka 2000, kwa kawaida hushughulikia kwanza maisha: makazi, madeni, kazi, hata kufuta michoro ya mwilini. Fikra hufuata polepole, kwa miezi na wakati mwingine miaka. Ile ya Ujerumani, EXIT-Deutschland, mwaka 2011 iligawa fulana 250 kwenye tamasha la muziki la wafuasi wa Nazi mambo-leo. Kila moja ilikuwa na nembo ya kuwafurahisha; ilipofuliwa, nembo ikatoka na chini yake ukabaki ujumbe kwamba lililowezekana kwa fulana linawezekana na kwako, pamoja na namna ya kuomba msaada. Walijua aliye ndani hawezi kuuliza njia ya kutoka mbele ya wenzake.

Hoja za dini, ambazo waumini wako bila shaka wanataka kumpa, zingoje aulize. Utafiti wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2017 barani Afrika uliwahoji waliojiunga kwa hiari na makundi yenye silaha: asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatimaye, na zaidi ya nusu walikiri kuyaelewa maandiko ya dini kidogo au kutoyaelewa kabisa. Ikiwa kwa mpwa wako kuna jambo la namna hiyo, mafundisho sahihi hayatalifikia; anahitaji mtu wa kulisikia, na huenda malalamiko rasmi ya kupelekwa.

Mtafutie mlezi mmoja asiye wa ukoo, mtu mzima mtulivu, wakutane mara moja kwa wiki saa ile ile. Kipindi kigumu huwa miezi ya mwanzo, hofu ikishapungua na upweke ukianza: kundi lilikuwa marafiki wake wote. Akirudi kuwasoma usiku mmoja, usilihesabu kuwa ameanguka. Muulize siku hiyo ilikuwaje.

Majirani waendee nyumba moja moja. Usiitishe mkutano, mkutanoni kila mtu husema jambo kali kuliko analolifikiri. Anza na walioumizwa na kundi lile, ikiwa wapo karibu, na usiwaombe wamkubali. Waulize tu wangependa asipite wapi, asihudhurie nini, na wakimwona wakiwa na wasiwasi wampigie nani. Waachie namba yako.